Mkono wa Kulia wa Muuza Maziwa

Kila asubuhi, akishamaliza kugawa maziwa Chimala, yule muuza maziwa huegemeza baiskeli kando ya bwawa, huvua shati, hulitandaza juu ya madebe matupu na kuingia majini. Baridi ya Juni haimshtui. Sekela, anayefua nguo pale ukingoni, amekwisha kumzoea, ila ule mkono wa kulia bado unamshangaza. Wa kushoto hupiga maji vizuri. Wa kulia hunyooka mbele, kiganja kimefumbwa, ukabaki hivyo. Utotoni muuza maziwa huyo alivuka mito nyuma ya ng'ombe wa baba yake, ameshika mkia wa fahali, na mkono haujasahau.

"Kaka, kwa baiskeli na mbio nani atakuweza kwenye mashindano ya Sabasaba?" Sekela alimuuliza siku moja. "Maji ya nini kila siku?"

"Miguu ninayo, dada," alijibu taratibu, kama anayetuliza ndama. "Mwaka jana niliimaliza humu kwa kurusha mateke, maana mkono huu haupigi maji. Nikatoka, hata kusimama nikashindwa."

Siku ya mashindano wanaume walitupa baiskeli ukingoni, wakajitosa; mbio zilikuwa zinawangoja ng'ambo. Sekela hakutazama nani anaongoza. Katikati ya bwawa ule mkono ulinyooka, ukafumba kiganja, ukaganda. Watu wakacheka. Sekela naye alikuwa amekunja ngumi bila kujijua.

"Achia!" alipiga kelele. "Achia, kaka!"

Kiganja kikafunguka. Alitoka majini karibu wa mwisho, safari hii miguu yake ikiwa mizima, akaanza kukimbia.