Mtoto Akabidhiwe Aliyeandikwa Tu

Mwanamke aliyekuwa akitutunza baada ya shule alikuwa mwalimu kabla serikali haijaanza kupunguza watu kazini. Sisi watoto tuliendelea kumwita Mwalimu, na yeye akaendelea kuwa mwalimu, kwa sababu barua ya kupunguzwa haikumpunguza sauti. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Miyuji, ya matofali ya kuchoma. Uani alitandika mikeka miwili, mmoja wa kulalia na mmoja wa kufanyia kazi za shule, na ole wake aliyekutwa amesinzia kwenye mkeka usio wa kulala. Miaka hiyo kila mtu mjini alikuwa anatafuta cha kufanya nyumbani kwake. Jirani yake alifungua duka dirishani, mwingine akafuga kuku wa kizungu wakafa wote kwa mkupuo, na yeye akachukua watoto wa akina mama waliobaki maofisini.

Mama yangu alikuwa mmoja wa hao waliobaki. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, na mimi nilikuwa darasa la tatu katika shule moja ya mjini. Shule ikitoka nilitembea na wenzangu hadi kwa Mwalimu, nikala uji, nikaandika, nikapigana kidogo, na jioni mama akanipitia. Tuliishi wawili tu katika vyumba vya kupanga, upande wa pili wa Miyuji.

Mwanzoni kwa Mwalimu hapakuwa na sheria yoyote zaidi ya ile ya mikeka. Kisha siku moja akaja mwanamume kumchukua kijana wake. Alikuwa baba halali wa mtoto, na mtoto mwenyewe alimkimbilia akicheka. Mwalimu angemzuiaje baba wa mtu? Mama wa mtoto alipofika jioni, wawili hao walikwishapanda basi, na hakuna aliyejua ni basi la wapi. Yule mama aliketi sakafuni kwa Mwalimu, akagoma kuondoka mpaka ndugu zake walipokuja kumwinua. Mtoto hakuonekana tena Miyuji.

Baada ya hapo afisa wa ustawi wa jamii akawa anakuja. Alikagua choo, akauliza kama maji yanachemshwa, akahesabu vichwa vyetu, na akaagiza liwepo daftari la mahudhurio. Kila mtoto aandikwe ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, nani anaruhusiwa kumchukua, na akichukuliwa kabla ya muda, kwa sababu gani. Mtoto akabidhiwe aliyeandikwa tu. Watu wengine wangeona ni usumbufu. Mwalimu alilipenda daftari lile kuliko alivyotupenda sisi. Alilichora mistari kwa kalamu nyekundu, akalivika gazeti, na tangu hapo hata mama yako mzazi akija alisubiri mpaka mstari wake ujazwe.

Baba yangu alikuwa Singida na mke mwingine, na alikwisha kutuma salamu kwamba ipo siku atakuja kuchukua damu yake. Kwa hiyo mama alipoelezwa habari ya safu ya wanaoruhusiwa, aliandika jina lake na kukomea hapo. Mwalimu akamshauri aongeze japo ndugu mmoja, maana binadamu hajui la kesho. Mama akakataa. Alikuwa na sauti fulani ya upole ambayo aliitumia akiwa amekasirika, na ndiyo aliyoitumia.

"Hata akija mtu ambaye mtoto anamjua," alisema. "Hata akija mtu wa kwetu. Usimpe."

Mwalimu akaliandika neno hilo kama lilivyotamkwa, na mama akatia sahihi chini yake. Mimi nilisimama kando nikijiona wa maana sana. Watoto wengine walikuwa na shangazi na wajomba wamejazana katika mistari yao, lakini mimi nilikuwa na mtu mmoja tu.

Mwaka huohuo mama alianza kukonda. Nguo zake alizipunguza kwa mkono, akakaa wiki chache, akazipunguza tena. Alikohoa akiwa ameuelekea ukuta ili nisione, kana kwamba kikohozi ni kitu cha kuonwa. Lakini ofisini hakukosa hata siku moja, kwa sababu ilijulikana kwamba wanaolala nyumbani ndio watakaotangulia kwenye orodha ijayo ya kupunguzwa. Bibi, mama yake, alikuja kutoka kijijini Haneti na unga wa uwele na karanga, akasema amekuja kusalimia. Kwetu hakuna anayekuja kwa sababu ya ugonjwa. Wote huja kusalimia, na wakiona hali ni mbaya huongeza siku za kusalimia.

Alifika jioni. Kesho yake asubuhi mama akanisuka, akanipeleka shule, akaenda kazini. Mchana akaanguka mbele ya mashine yake ya chapa. Wenzake wakamkimbiza hospitali ya mkoa, na mmoja wao, mwanamke waliyekuwa wakikaa naye meza moja, akamtuma mtu nyumbani amwite bibi. Haya yote niliambiwa na huyo mwenzake baadaye. Mama alikuwa anajitambua. Bibi alipofika kitandani, mama hakusema habari za maumivu wala za dawa. Alisema anamtaka mtoto.

Basi bibi akatoka hospitali kwa miguu kuja kwa Mwalimu, mahali asipopajua, akiuliza njia kwa Kiswahili chake cha kuazima. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma, na alipoingia uani kwa Mwalimu alikuwa mwekundu wa vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwona, nikaruka kutoka mkekani nikamkumbatia kiunoni. Mwalimu akatokea jikoni akijifuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamuuliza habari za nyumbani, bibi akajibu nzuri. Akamuuliza za huko atokako, bibi akajibu nzuri. Wote hawajambo? Hawajambo. Na mama wa mtoto? Hajambo. Nimeyarudia maswali hayo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Bibi alikuwa mtu wa adabu, na mtu wa adabu huulizwa habari akajibu nzuri, kisha ndipo hutafuta mahali pa kukaa na namna ya kulileta jambo lake polepole. Ila Mwalimu hakumpa mahali pa kukaa. Alikwenda kuleta daftari.

Bibi akasema mama yangu ananitaka kidogo. Mwalimu akafungua ukurasa wangu, akausoma, akamweleza kwa heshima kwamba hawezi. Mama yake akimtaka atakuja mwenyewe. Mimi nikasema huyu ni bibi yangu, ametuletea karanga. Mwalimu akasema anaona kwamba namjua, lakini mtoto kumjua mtu si kibali, na nilijua alikuwa anamfikiria yule kijana aliyeondoka akicheka. Kisha akamgeukia bibi, na lazima niseme kwamba alijaribu. Alimwambia daftari lina sehemu ya dharura. Kama kuna mgonjwa, kama kuna msiba, aseme, yeye ataandika sababu na kunitoa saa hiyohiyo. Ila ni lazima aambiwe.

Alisema hayo amesimama, kalamu mkononi, na watoto wote kwenye mikeka wamenyamaza wakisikiliza.

Bibi akaniangalia. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, kwenye mistari ya nywele alizosuka mama asubuhi.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Ni salama tu."

Mwalimu akamuuliza tena kama kweli hakuna shida. Bibi akasema hakuna. Akajifunga kanga vizuri, akaniambia nikae, nisome, nimsikilize mwalimu wangu, akatoka. Nililia kidogo, kwa hasira ya kunyimwa kuondoka mapema, na msichana mmoja akanicheka.

Mwalimu hakutulia. Alisimama kwenye upenyo wa ua akimtazama bibi anavyokwenda, akarudi jikoni, akatoka tena. Akaniita akaniuliza kama mama aliamka vizuri asubuhi. Nikamjibu hajambo. Sikumdanganya, sikuwa na jibu lingine mdomoni. Nyumba nzima tulilelewa hivyo, kwamba habari ya ndani huulizwa na kila mtu na haielezwi kwa mtu yeyote. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaniambia nirudi kwenye hesabu zangu.

Bibi alirudi hospitali kwa miguu vilevile. Mama akauliza mtoto yuko wapi. Bibi akamwambia anakuja. Akauliza tena, akaambiwa anakuja. Ndipo yule mwenzake wa ofisini akamvuta bibi ukumbini akamhoji, na aliposikia kwamba nimekataliwa mlangoni akakimbia kutafuta gari la ofisi. Yeye hakuwa mtu wa kwetu. Alishuka garini kwa Mwalimu bila hodi na bila salamu, watoto wote tukimwangalia.

"Mama yake anakufa," alisema. "Nipe mtoto."

Hakuwa ameandikwa popote, na Mwalimu hakumuuliza hata jina. Daftari lilikuwa mezani hatua chache tu, hakuligusa. Alininyakua mkono akaniingiza garini yeye mwenyewe, bila viatu, bila mkoba, akafunga mlango kwa nguvu hadi kioo kikatetemeka. Nilimwona amesimama barabarani katika vumbi letu, mikono kichwani.

Tulimkuta bibi ameketi kwenye benchi nje ya wodi, mikono mapajani. Alisimama, akamshukuru yule mwenzake wa ofisini kwa kunileta. Nikauliza mama yuko wapi.

"Amelala," alisema bibi.

Nikaona kama amelala basi hafi tena, nikasema tumsubiri aamke. Nikakaa kwenye benchi, miguu yangu haifiki chini, nikangoja kwa utiifu kabisa. Yule mwenzake alipoingia wodini na kutoka akiomboleza, nilimwonea aibu kwa kumpigia kelele mtu aliyelala. Hivyo ndivyo nilivyojua. Sikuambiwa na mtu.

Tulimzika Haneti. Nilimchukia Mwalimu kwa moyo wangu wote, chuki safi ya mtoto isiyo na swali ndani yake. Nilipoichoka nikamchukia mama kwa sahihi yake, hiyo ikaniogopesha, nikarudi kwa Mwalimu. Nilihitaji mtu mmoja awe mbaya. Hata leo, nikiwapeleka wanangu mahali wanapotunzwa na kuletewa fomu ya wanaoruhusiwa kuwachukua, mkono wangu huwa mzito, na huandika majina mpaka karani ananiambia nafasi imekwisha.

Watu walikuwa bado wamekaa msibani Mwalimu alipokuja. Alipanda basi la vumbi peke yake, amebeba sukari na mkoba wangu wa shule. Nilitaka bibi amfukuze. Bibi alimkaribisha, akampa kigoda chake mwenyewe, akawaambia wanawake waliokuwepo kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimtunza mjukuu wake mjini. Kisha akamuuliza habari za nyumbani, na Mwalimu, machozi yakimtiririka, akajibu nzuri. Watoto hawajambo? Hawajambo.

Niliitwa niwanawishe mikono. Nilikuwa nimeinama na jagi na beseni katikati yao pale Mwalimu aliposhindwa kujizuia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Bibi alikuwa amekinga mikono. Maji yalikuwa yakimtiririka vidoleni.

"Ningesemaje," alisema, "na mtoto alikuwa anasikia?"

Mwalimu aliinamisha uso, akanawa mkono ambao ulikwisha kutakata. Wote wawili walinisahau, kama walivyonisahau siku ile mlangoni walipokuwa wakinilinda, mmoja kwa daftari na mwingine kwa ukimya. Niliendelea kumimina maji. Mmojawapo angesema pale uani neno moja tu, hata kwa ukali, hata watoto wote wakisikia, nisingengoja kukabidhiwa kwa mtu. Ningetoka mbio. Njia ya hospitali nilikuwa naijua.