Mara ya Tano Huleta Jalada Zima

Watu huniambia nisamehe. Nawajibu, nyinyi sameheni ya kwenu, yangu niachieni. Nina mashine ya nakala na nina dada. Kwa viwili hivyo nilimwona aliyetuulia mama akijimaliza kwa karatasi zake mwenyewe, na usiku ule nililala fofofo.

Dada yangu mawakala wa mizigo wamembandika jina: Mama Kiambatanisho. Anakaa dirisha namba tatu kwenye ofisi ya vibali. Ana sweta la kijivu kwenye mgongo wa kiti, rula ya chuma, na mhuri ambao hamwazimi mtu hata akienda msalani. Dirisha lake ni la vitu vinavyohusu silaha: mikanda, mikoba, na zile darubini zinazofungwa juu ya bunduki ili mpigaji aone mbali. Kila siku hakosi mtu wa kumbishia.

"Mama, hiki si kioo tu? Kina ubaya gani?"

"Hakifyatui risasi, lakini ndicho kinachoionyesha njia," hujibu bila kuinua uso. "Kibali cha nchi kinakokwenda kiko wapi?"

Maana sheria yao haina mchezo. Nchi ya pili ikubali kwanza kwa maandishi. Mpokeaji atie saini kwamba atakitumia mwenyewe, hatakipitisha kwa mwingine. Namba iliyochongwa kwenye kila darubini ilingane na ya kwenye fomu, tarakimu kwa tarakimu. Halafu ueleze vitu hivyo viliingiaje nchini tangu mwanzo. Kimoja kikikosekana, unarudishwa. Na ukirudishwa unavuka barabara kuja kwangu, kibandani, kutoa nakala. Wambea husema mimi na dada tumekula njama. Nawaacha waseme.

Kaka yetu alikuwa karani wa muuza vifaa vya uwindaji. Mama alimwita yule tajiri Mwewe, nami sitamwita vinginevyo. Miaka tisa iliyopita Mwewe alimwambia kaka ajaze fomu ya sanduku lililotoka nje. "Andika lenzi za kamera." Kaka akaandika. Alipaswa kufungua aone kwa macho yake, hilo silifichi, lakini alimwamini tajiri wake. Forodha walipofungua, zikatoka darubini za bunduki, hazina kibali hata kimoja. Mahakamani Mwewe akainua mkono akaapa kwamba yeye hajaagiza sanduku lolote, kwamba karani ametumia jina la duka kufanya magendo yake. Machozi yakamtoka, mnafiki mkubwa! Kaka akafungwa miaka mitatu, leseni yake ya kazi za forodha ikafutwa. Mpaka juzi juzi alikuwa anabeba magunia ghalani, yeye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote mtaani kwetu.

Na mama. Mama aliacha kutoka nje. Pazia la sebuleni halikufunguliwa tena, kwa sababu ya wale waliokuwa wakipita na kuitana, "Hapa ndipo kwa mama wa muuza bunduki." Hakuwa na hasira na kaka. Alitaka jibu moja tu: "Alijua au hakujua?" Tulimwapia kwamba hakujua. Lakini neno la watoto wake halikumtosha, akafa analiuliza lile lile, na kaka yuko gerezani. Sasa njoo uniambie nisamehe.

Basi, siku hiyo nimekaa kibandani, nikamwona Mwewe anapanda ngazi za ofisi. Damu ikanichemka. Nilifunga mashine nikamfuata dada kwenye chumba cha chai.

"Umemwona?"

"Nimemhudumia."

"Amekujua?"

"Atanijuaje? Siku zote za kesi tulikaa nyuma yake, hakugeuka hata mara moja."

Akanieleza. Darubini za zamani alizouza Mwewe zimeingia ukungu, wateja wanapiga kelele, kiwanda kimekubali kuzitengeneza. Sasa anaomba kibali cha kuzirudisha huko. Wateja wenyewe ni wakubwa, wasio na subira.

"Mkatalie!" nikasema. "Mkatalie mpaka alie damu!"

"Nikimkatalia bila sababu, kesho analalamika, keshokutwa nahamishwa. Mimi simkatalii, mdogo wangu. Namwomba karatasi."

"Karatasi gani?"

"Zile anazotakiwa kuleta. Wewe umekaa pale miaka mingapi? Hujaona? Mtu akirudishwa mara nne, ya tano huleta jalada zima." Akafunika chupa ya chai. "Na usije ukaiba hata ukurasa. Karatasi ya kuiba haimsafishi mtu. Ailete kwa mkono wake."

Akamrudisha kwa kibali cha nchi ya pili. Akakileta. Akamrudisha kwa saini ya mpokeaji. Akaileta, uso umevimba. Akamrudisha kwa namba za darubini, kwa sababu mbili hazikulingana, na kweli hazikulingana. Mara ya nne akataka maelezo ya zilivyoingia nchini, Mwewe akatoa risiti moja iliyofifia, dada akaisukuma kwa rula. "Haisomeki, mzee. Karibu tena." Kila mara nilimwona akishuka zile ngazi akiongea peke yake, na kila mara nilijisikia kama nimekunywa maji baridi.

Mara ya tano akaja na jalada la unene wa mto wa kulalia. Akalitupa mezani kwangu.

"Toa nakala ya kila kitu. Yule mwanamke ana wazimu, wallahi nimechoka naye."

"Pole, mzee. Ndivyo alivyo."

Nikaanza. Karatasi zilikuwa shaghalabaghala. Tangu amfungishe karani wake hakupata mtu wa kumpangia. Katikati kulikuwa na bahasha nene ya kiwanda, ambacho alikiomba ushahidi wa zilivyoingia nchini, nacho kikamrudishia kumbukumbu zote za biashara yao. Hata utepe hajaufungua vizuri. Nikatoa ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulikuwa barua yake mwenyewe ya kuagiza, ya miaka tisa iliyopita, na ile saini yake yenye mkia mrefu. Mstari wa mwisho ulisema: *Juu ya sanduku andikeni lenzi za kamera. Karani wangu hana haja ya kujua kilichomo.*

Nikaacha kubonyeza, nikausoma tena.

"Mbona umesimama?" Mwewe akauliza.

"Mashine imepata moto, mzee."

"Na hizi za kiwandani zote za nini? Hebu punguza hizo." Akanyoosha mkono kuichukua ile bahasha.

Nilitamani kuirukia nikimbie nayo. Nikamkumbuka dada, nikacheka kicheko cha biashara.

"Punguza tu, mzee, kesho tutaonana tena. Yule akikosa ukurasa mmoja, anakurudisha."

Akaiangalia bahasha. Akaniangalia mimi. Akasonya.

"Weka zote!"

Nikaziweka. Nikambania na pini kubwa, nikamshikisha kwa mikono miwili kwa adabu zote.

Nilivuka nyuma yake, nikasimama mlangoni. Dada alipokea jalada, akafungua ukurasa wa kwanza, akapiga mhuri: IMEPOKELEWA. Akafungua wa pili, akapiga. Alipofika kwenye ile barua nikaona rula imesimama. Aliisoma mara moja tu. Akapiga mhuri, kwa nguvu mpaka kioo cha dirisha kikatikisika, akaendelea mpaka wa mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mzee, ombi hili siwezi kuliamua. Kuna barua humu inamhusu ndugu yangu wa tumbo moja. Sheria inataka niikabidhi kwa mkubwa wangu, naye aipeleke kwa wapelelezi."

Mwewe akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akamtazama dada kwa mara ya kwanza, akatumbukiza mkono dirishani.

"Nirudishie karatasi zangu!"

"Zimeshapigwa mhuri. Si zako tena."

"Umenitega!"

"Nilikuomba karatasi, mzee. Umezileta."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alipopandishwa kizimbani alilia tena, safari hii machozi ya kweli, na mimi nilikaa mstari wa mbele kabisa, ili akigeuka anione. Aligeuka.

Hukumu ya kaka ikafutwa. Aliniletea kibandani karatasi ya mahakama, amevaa shati la ghalani, vumbi la unga bado kwenye nyusi.

"Nitolee nakala."

"Ngapi?"

"Nyumba za mtaani kwetu ziko ngapi?"

Nikaiwasha mashine. Nakala ya kwanza ilipotoka, bado ya moto, akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kifuani.

"Hii ya mama," akasema, akashika njia ya makaburini.

Zilizobaki nilizibandika mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa gundi ya seremala. Nilianzia mlango wa duka la Mwewe.