Bei Mbili Ubaoni

Nina pampu moja tu ya petroli hapa Ekerenyo, chini kidogo ya kituo cha kupimia majani chai. Nimeiendesha mwenyewe tangu nilipofiwa na mume wangu. Kila mwezi serikali hutangaza bei ambayo hatuwezi kuizidi, nasi wenye pampu tunaifuata tutake tusitake. Eti ni soko huria. Huria gani hiyo, ninunue kwa bei wanayotaka wenye nguvu, kisha bei ya kuuza nipangiwe?

Mwaka ule petroli ilipoadimika, kampuni kubwa zilijazia vituo vyao kwanza, sisi wadogo tukaambiwa tungoje. Mzee wa Kiislamu ninayenunua kwake kwa jumla, pale Kisii mjini, aliniambia bila kunitazama usoni, "Mama, nimepata kidogo. Lakini nimeuziwa ghali kuliko bei yako ya kuuza. Chukua ama uache, sitakulaumu."

Wenzangu mpaka Nyamira walikuwa wamefunga na kuandika "hakuna mafuta", wengine matangi yakiwa yamejaa, wakingoja bei ipande. Mimi nilichukua. Nikaandika bei mbili ubaoni: juu ile ya serikali, chini ile yangu, na maelezo kwamba nimenunua ghali. Nilijua ni kosa. Nilijua pia kwamba leseni ikienda, wanangu hawarudi shuleni. Lakini kujificha nyuma ya kufuli nilikataa katakata.

Kwa kuwa mafuta yalikuwa kidogo, niliyauza kwa utaratibu wa egesangio, kikundi chetu cha wanawake tunaolimiana mashamba kwa zamu. Mgonjwa na mjamzito kwanza. Wengine wote kwa zamu, na zamu hairukwi, hata uje na gari la nani.

Siku ya tatu asubuhi akaja ofisa wa kukagua bei, na dereva wake. Foleni ya bodaboda ilikuwa imefika duka la mbegu. Aliusoma ubao mara mbili.

"Madam, nani alikuuzia hii mafuta?"

"Sisemi."

"Basi nitafunga."

"Funga. Ukimshika huyo, shika na aliyemuuzia, na aliyemuuzia huyo pia. Utafika Mombasa bandarini. Huko utashika nani?"

Wanaboda wakacheka. Yeye hakucheka. Alibandua leseni yangu ukutani, akazungusha waya kwenye pampu na kuubana kwa lakiri, muhuri wa madini ya risasi. Hasira ilinipanda, nami sikuificha. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba anaifunga pampu inayouza na kuziacha zinazoficha.

Aliporudi garini, dereva akamnong'oneza kitu. Walikuwa wametafuta mafuta njia nzima wasipate, na yaliyobaki yasingewafikisha Kisii. Wakakaa humo, vioo wamefunga. Mwishowe ofisa akashuka, akaniomba kwa sauti ya chini nimwekee kidogo.

"Umefunga wewe," nikamwambia. "Kata mwenyewe."

Akaikata lakiri. Dereva akasogeza gari, lakini hakuna pikipiki iliyompisha.

"Tuko kwa line, mkubwa," mwanaboda wa mbele akamwambia. "Hapa ni zamu."

Ofisa akanitazama. Ufunguo wa pampu ulikuwa mkononi mwangu. Nikaanza na pikipiki ya kwanza, nikauza kwa bei yangu, moja baada ya nyingine, naye amesimama pale pale akitazama kosa lile lile alilonifungia. Akaletwa mjamzito aliyekuwa akikimbizwa hospitali, tukamtanguliza, na ofisa akangoja zaidi. Nakiri nilifurahi.

Zamu yake ilipofika nilimwekea. Akalipa. Nikamwandikia risiti, bei yangu wazi kabisa, nikamwambia atie sahihi kwenye nakala, kama wanavyofanya wote wanaokuja na magari ya ofisi. Akatia. Kisha akafunga pampu kwa lakiri mpya na kwenda zake.

Baada ya wiki mbili niliitwa Kisii kujitetea. Walikuwa watano mezani, yeye akiwa mmoja wao. Waliniuliza kama nina neno kabla hawajanifutia leseni. Nikasema ninalo. Nikaitoa ile nakala ya risiti yenye sahihi yake, nikamkabidhi yeye, na kumwomba awasomee wenzake kwa sauti.