Leseni Yangu Ilitundikwa Kwenye Kliniki Ambayo Sijawahi Kufanya Kazi

Admin, jina langu lifiche, mengine yaache kama nilivyoandika.

Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili, tunaishi Ipagala hapa Dodoma. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, sisi tunaowasaidia watu kurudisha nguvu za viungo baada ya ajali au kiharusi. Nimesomea, nimesajiliwa, nina leseni.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kliniki ya kaka wa mume wangu, mjini. Mwaka jana akafungua ya pili Miyuji, akamweka rafiki yake ambaye kazi yake ilikuwa kuchua wachezaji wa mpira. Nilimuuliza, "Shemeji, yule ana leseni?" Akasema anaishughulikia.

Mwezi uliopita nililetewa mama mmoja, mkulima wa zabibu wa Makutupora. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kushoto. Nilipomgusa bega aliuma meno, machozi yakamtoka. Bega lilikuwa limechomoka. Binti yake akaniambia, "Tulianzia Miyuji, dokta. Yule kijana anayehudumia pale alikuwa anauvuta mkono kwa nguvu, anasema mpaka uamke."

Mkono uliolegezwa na kiharusi hauvutwi. Hilo tunafundishwa mwanzo kabisa. Nikamuuliza kwa nini walimwamini. Akasema waliona leseni ukutani, akanionyesha picha kwenye simu. Jina lilikuwa langu; ilikuwa nakala ya leseni niliyompa shemeji aliponiajiri.

Nilihakikisha yule mama amefika hospitali, kisha nikapanda bodaboda hadi Miyuji. Niliishusha ile nakala mbele ya wagonjwa, nikawaambia, "Mwenye jina hili ni mimi, na sijawahi kumhudumia mtu humu ndani."

Jioni shemeji akaja kwetu na karatasi inayosema kwamba nilikuwa namsimamia rafiki yake.

"Saini tu, haya mambo ni ya familia."

"Shemeji, yule mama hawezi hata kujifunga kanga. Sisaini."

Kesho yake niliandika barua kwa baraza linalotusajili, nikaambatanisha ile picha. Kliniki ya Miyuji imefungwa, uchunguzi unaendelea. Mimi nimefukuzwa kazi.

Mama mkwe aliniita. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Akasema, "Umemvua nguo mwanangu. Kaifute hiyo barua." Nikamjibu kwa adabu kwamba sitaifuta. Tangu siku hiyo mume wangu analala chumba cha watoto. Anasema nichague, barua au ndoa.

Sijaja hapa kuulizia barua. Barua haifutwi, na anayetaka kuniambia nikamwombe shemeji radhi apite tu. Leseni nimeisotea miaka, siwezi kumwazima mtu wa kuumiza wagonjwa.

Lakini mume wangu bado nampenda, na yeye anajua nasema kweli. Mliowahi kusimama peke yenu ukweni, nishaurini hapo tu: niendelee kumsubiri arudi chumbani, au nimwambie na yeye achague, mimi au kaka yake?