Miguu iliyokataa kutulia, dawa iliyoipa kiburi, na nilivyoiacha dawa hiyo taratibu hapa Kasulu

Ko, ko, ko, ko.

Huo mlio ninao kichwani mpaka leo. Ni kisigino changu kikigonga benchi la kanisa kwetu Kibondo, mchungaji ametuambia tufumbe macho tuombe kimyakimya.

Kimyakimya, wakuu. Halafu mimi ko, ko, ko.

Nilipofumbua jicho moja nikakuta kanisa zima limeshafumbua yote mawili. Mama akanifinya paja. Mguu ule ukatulia, ukapokelewa na mwenzake.

Basi wakuu, mliokwisha kula na mnaosubiri ugali uive, nawasalimu wote. Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa na jirani wa shangazi ya mtu.

Tatizo langu lilikuwa hivi. Nikikaa au nikilala, ndani ya miguu kunaanza kutembea. Si maumivu. Ni kama siafu wamehamia kwenye mfupa na wanatafuta mlango. Nikisimama nikazunguka, wanatulia. Nikikaa, wanarudi kazini. Jioni ndiyo zamu yao.

Bibi yangu, ambaye alikuja zamani kutoka Burundi na bado anachanganya lugha, aliniambia, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "hiyo ni miguu ya safari." Nikafurahi sana, maana mimi ni mtu wa ndoto. Nikajua nitafika Ulaya.

Nikafika Kasulu.

Huku nilikuja kujifunza ushonaji kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Tanga, anashona magauni ya harusi. Anamwita kila mtu mwanangu, hata wazee waliomzidi umri. Dukani kwake kuna kiti kimoja kando ya dirisha chenye cherehani yake. Hicho kiti nilikipenda kabla sijampenda mwanaume yeyote. Bi Zuhura alishaniambia nitakikalia siku nitakapomaliza gauni la bibi harusi peke yangu, kuanzia kukata kitambaa mpaka kushona shanga.

Sasa shanga zinashonwa kwa mkono, umekaa, umetulia. Mnaona shida ilipo.

Nikaenda kituo kimoja cha afya. Daktari akanieleza kwamba sijarogwa wala sina mapepo, ni ugonjwa unaojulikana, kwa Kiingereza unaitwa restless legs. Nusura nilie kwa furaha, kumbe siafu wangu wana jina la Kizungu. Akaniandikia tembe, za jamii ile wanayopewa wazee wanaotetemeka mikono.

Wakuu, nililala kama gunia la mihogo. Asubuhi nilikuwa nasalimia mpaka mbuzi.

Miezi ikapita. Siafu waliokuwa wanakuja jioni wakaanza kuja alasiri. Kisha adhuhuri. Kisha wakapanda mikononi, ambako hawakuwahi kufika. Nikirudi kituoni naongezewa dozi, natulia siku chache, halafu wanarudi na ndugu zao.

Na kuna kingine nilikiona cha kawaida. Nilianza kununua mabeseni.

Sijui niwaeleze vipi. Nikipita sokoni nikaona beseni, hasa la maua, moyo unadunda kama nimeonana na mchumba. Nanunua. Kesho tena. Bi Zuhura alipokuja kunijulia hali nyumbani alisimama mlangoni akatazama ndani kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "chumba hiki umepanga wewe au yamepanga mabeseni?"

Nilicheka, lakini wiki hiyohiyo nikaharibu mkono wa gauni. Mkono wangu uliruka, sindano ikaenda njia yake. Bi Zuhura hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikunja kitambaa taratibu akaniambia maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno.

"Una jicho la kazi hii, mwanangu. Lakini siwezi kumkabidhi bibi harusi kwa mikono inayoruka. Tutafute tiba. Isipopatikana, nitakurudisha kwa mama yako Kibondo kwa heshima zote."

Kwa heshima zote. Hayo maneno yalinikata kuliko mkasi.

Akanipeleka mwenyewe kwa daktari mwingine, dada kijana mpole. Nikamweleza yote, mpaka mabeseni, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema dawa hizi zinaweza kumfanyia mtu hivyo: mwanzoni zinatuliza, baadaye zinaamsha ugonjwa mapema zaidi na kuusambaza. Na zinaweza kumpa mtu uchu wa kununua au wa kubeti. Akasema tutaiacha, ila tusiikate ghafla. Tutashuka kidogo kidogo, kila ngazi tunasubiri mwili ukubali.

Halafu akauliza, "Kuna kitu unakula ambacho si chakula?"

Wakuu, akina dada wenzangu mmeshajua. Pemba. Ule udongo wa kuoka unaouzwa sokoni, una harufu ya mvua ya kwanza. Mimi nilikuwa naagiza mpaka kutoka Mabamba kwa mama mmoja anayevuka mpaka wa Burundi. Dukani tulikuwa na kopo lake kati ya cherehani mbili, na aliyelianzisha alikuwa ameketi pembeni yangu anatazama dari.

"Mwambie," Bi Zuhura akaninong'oneza, akiwa bado anatazama dari. "Sema unakula wewe."

Nikapimwa damu. Akiba ya madini ya chuma ilikuwa chini kabisa. Daktari akaeleza kwamba akiba ikipungua miguu inaweza kuanza vurugu, na mtu anaweza kutamani udongo. Na udongo nao unazuia chuma kuingia mwilini. Kumbe nilikuwa nazunguka mduara. Chai ya rangi ninayoshushia maharage nayo ilikuwa inachangia. Akanipa vidonge vya kuongeza chuma, nimeze na maji ya machungwa, mbali na chai.

Kushuka dozi hakukuwa lelemama. Siku za kwanza za kila ngazi nilikuwa natembea uani kama mlinzi. Jirani akanionea huruma akanipa zile tembe ndogo za njano za mafua, ambazo wengi tunazimezea usingizi. Nikameza. Siafu wakafanya mkutano mkuu. Nilipomweleza daktari akashika kichwa, akasema hizo ndizo zinazoichokoza miguu ya namna hii, nisiziguse tena bila kumuuliza.

Bi Zuhura akapata akili. Akaniondoa kwenye shanga akaniweka kwenye cherehani ya kukanyaga, nishone sare za shule. Miguu ilipopewa kazi ikatulia yenyewe. Nilikanyaga wakuu, nusu ya watoto wa Kasulu wamevaa siafu wangu.

Na yeye akaacha pemba, ili nisione mtu anatafuna. Hapo tuliteseka wote. Alikuwa mkali mpaka wateja wakawa wananiuliza mimi kama mama yuko sawa.

Ngazi ya mwisho niliishuka akiba ya chuma ikiwa imeanza kupanda. Hamu ya mabeseni iliondoka bila kuaga. Kisha akaja binti kutoka Kagerankanda na kitambaa cheupe cha harusi. Bi Zuhura akakipokea, akakiweka mapajani mwangu, akaenda kuchemsha uji. Hakurudi kukagua mpaka shanga ya mwisho.

Aligeuza pindo, akatazama mishono kwa ndani, ambako ndiko anakomhukumia mtu.

"Hamishia mkasi wako dirishani," akasema.

Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Kuna jioni wanapita kunisalimia. Namwagia miguu maji ya baridi, nakanda vigimbi, natembea kidogo, wanaondoka.

Nilichojifunza ni hiki: dawa ikianza kukuletea ugonjwa mkubwa kuliko uliokwenda nao, rudi ukaseme, tena useme mpaka yale ya aibu. Usiiache peke yako chumbani kwa hasira. Na omba upimwe akiba ya chuma.

Kama na wewe una miguu ya safari, au una mama anayekula pemba kwa siri, karibu utueleze ulivyofanya. Wenye shida ya beseni waje kwangu, bado yapo.

Jana duka lilipofungwa nilibaki peke yangu. Nikakaa sakafuni, nikanyoosha miguu, nikafungua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Nikapaka kidole kimoja kimoja, miguu yote miwili. Halafu nikakaa hivyohivyo, sijasogea, mpaka ikakauka.