Siku Singh alidhani vijana wangu wamepasua speaker

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii nimeiishi mwenyewe, siongezi chumvi.

Miaka ya sabini mimi ndio nilikuwa DJ wa boogie, lile dansi la Jumapili mchana, Nakuru town. Shule niliacha mapema, lakini hakuna mtu alinishinda kuchagua santuri. Uliza yeyote wa rika langu.

Sasa, kulikuwa na vijana wanne wa mtaa wa Rhonda, wanapiga gitaa nzito, hii siku hizi mnaita heavy metal. Kila hall ilikuwa imewafukuza. Watu walitaka rumba na soul, basi.

Nikaenda kwa mwenye hall yetu, Kalasinga muuza spea za magari, tulimwita Singh tu. Nikamwomba nafasi ya nyimbo mbili, nikipumzisha santuri. Akakubali shingo upande. Akasema wakiharibu kitu, hawakanyagi hapa tena.

Otieno, mpiga gitaa, alikuwa na kisanduku cha betri amejiundia, ameunga na waya ya gitaa, anaweka chini. Akikikanyaga, gitaa inanguruma kama lori inapanda Mai Mahiu na gia ya kwanza.

Wimbo wa kwanza haujafika katikati, kimya. Singh amechomoa waya.

"Mmepasua speaker yangu."

Otieno akaanza kuvua mkanda wa gitaa. Alishazoea kufukuzwa.

Mtu mwingine angeomba msamaha. Mimi nikarudisha waya, nikaweka santuri ya soul. Sauti safi. Nikaitoa, nikamwambia Otieno apige bila kukanyaga. Safi. Akanyage. Ikanguruma.

Singh akainama, akaangalia ule mguu.

"Sasa huyu anaharibu sauti makusudi?"

"Makusudi, boss. Amejifunza mwaka mzima."

Akakuna ndevu. "Kanyaga tena."

Hall nzima ikaruka. Wakapewa kila Jumapili, na mimi kwa mic nikawasifu mpaka Naivasha wakawaita.

Halafu siku moja betri ya kisanduku ikaisha. Otieno akapiga gitaa hivyo hivyo, laini. Singh akatoka kaunta mbio:

"Nani ametengeneza speaker yangu?"

Ndio maana nawaambia vijana wa leo, DJ si kuweka nyimbo tu. Ni kuonyesha watu mguu unakanyaga wapi.

Kama ulicheza boogie enzi hizo, sema ulikuwa hall gani. Na kama unabisha mimi nilikuwa namba one, pia sema. Niko hapa.