Mshukiwa Wangu wa Mkuyuni

Nilimwahidi Mama Kabula kwamba nitampata mwizi wa redio yake kabla ya Jumapili, na hadi leo nikiikumbuka ahadi ile naona haya hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa mpangaji wake pale Mkuyuni, nimetoka ng'ambo kufanya utafiti wa shahada ya uzamili katika saikolojia ya uhalifu na upelelezi, sina ndugu wala rafiki Mwanza nzima, na mtu pekee aliyeniuliza kila jioni, "Umekula, mwanangu?" alikuwa yeye. Kwa hiyo redio ile (ya kaseti, fahari yake tangu maduka yaanze tena kujaa bidhaa baada ya miaka ya uhaba) ikawa kesi yangu ya kwanza.

Jumamosi asubuhi nikamwona kijana nyuma ya uzio, kofia imeshushwa hadi machoni, kifurushi kwapani. Mama akitoka uani, anajibanza. Akiingia ndani, anachungulia. Akitoka tena, anageukia ukuta, yaani dalili zote nilizosomea zimesimama mbele yangu zimevaa ndala! Nikamrukia. Nikapapasa kifurushi: redio.

"Kaka, nipige ukitaka," alinisihi, "ila usinipeleke kwa Mama."

Asiye na hatia angesema hivyo? Nikamburuta hadi uani, majirani wakitufuata, nikamsimamisha uso kwa uso na Mama Kabula. Mama akapiga yowe, akajifunika kanga kichwa kizima, akatupa mgongo.

"Huyo ni mkwe wangu! Msomi gani wewe, unamleta mkwe mbele ya macho yangu?"

(Nililelewa bwenini tangu utotoni, nani angenifundisha kwamba kwa Wasukuma mume wa binti humkwepa mama mkwe kwa heshima?) Kumbe kijana yule, Masanja, fundi redio wa Mabatini, alikuwa ameitengeneza redio mbovu iliyochukuliwa kimya kimya na mkewe Kabula, wamshangaze mama, na sasa alikuwa akivizia nafasi ya kuirudisha bila kuonana naye.

"Msomi, mkamate na mbuzi wangu," jirani mmoja alisema, "naye anajibanza!"

Walicheka hadi wakashika mbavu. Masanja alikwisha kutoweka.

Mama hakunifukuza. Aliacha tu kuniuliza kama nimekula. Nimeapa kutomhukumu tena mtu kabla sijamuuliza jina lake, na nimekwenda Mabatini mara tatu kuomba radhi. Kila nifikapo naambiwa ametoka. Ndugu msomaji, ukimwona Masanja, tafadhali mwambie nimekwishahama nyumba ile, anaweza kurudi kujibanza nyuma ya uzio kwa amani.